Mkono wa Kulia

Jumanne, darasa la nne B, mkoa wa Akita.
Theluji imefika nusu ya dirisha,
jiko la mafuta ya taa linakoroma pembeni.
"Onegaishimasu," tunasema tukiinama,
ndiyo kusema: twaomba utufunze.
Kisha matone machache ya maji
juu ya suzuri, jiwe jeusi lenye bonde upande mmoja,
na kipande cha sumi kinazungushwa, kinazungushwa,
masizi yaliyoshikwa kwa gundi ya ngozi
yakilegea, yakirudi kuwa usiku,
na harufu yake: msitu uliofungiwa sandukuni.

"Polepole," asema Mwalimu Kudo.
"Kama unamsugua mtoto mgongo alale."

Mimi Chigusa Oyamada, dawati la mwisho, mtu wa mashoto.
Penseli kwa shoto, mpira kwa shoto,
lakini fude, brashi ya nywele za mbuzi,
huishiki kwa shoto.
Mistari huanzia kushoto ikavutwa kwenda kulia;
mashoto husukuma, na nywele za mbuzi
hazipendi kusukumwa.
Basi nikaazima mkono wangu mwingine.
Ukatetemeka kama mgeni aliyeombwa kuimba.

Tome: simama.
Hane: ruka.
Harai: fagia, uinuke ukiwa bado unakwenda.

Wiki hii kanji ni mbili, sayū, kushoto na kulia.
Juu zinafanana kama pacha. Usidanganyike.
Ya kushoto huanza na mstari uliolala, ndipo ufagie.
Ya kulia unafagia kwanza, mstari baadaye,
na kinachotangulia huwa kifupi.
Chini ya kushoto kuna kifaa cha fundi.
Chini ya kulia kuna mdomo, kisanduku cha mapigo matatu.

"Mdomo wa nini?" akauliza Shuhei,
wino tayari umemfika sikioni.
"Wapo wasemao ni mkono unaousaidia mdomo.
Wapo wasemao vingine. Andika."

Nikaandika. Karatasi kumi na tisa.
Hanshi ni nyembamba, ina kiu,
ukisita kidogo tu inakunywa hadi doa.
Ya ishirini, mfagio wangu ulikatika katikati.
Nikatamani kuurudia, kuunenepesha, nani ataona?
Ataona. Mwalimu huinua karatasi dirishani
na weusi juu ya weusi huonekana kama kovu.
Mstari hauguswi mara mbili.
Wino ukishatua hauzoleki.

Mkono wa kulia, nami nataka kulia.
Tone moja likaangukia mdomo, ule wa mapigo matatu,
ukafumuka, ukawa ua la kijivu.

Saa sita, chakula. Wali, mchuzi wa miso, maharage ya soya.
Leo zamu ya mwalimu kuketi na kundi letu.
Anaokota maharage moja moja kwa vijiti, hayateleziki,
na mimi natazama, natazama tena:
kwa shoto.

Akaniona nikiona.
"Huu ndio mkono wangu wa kulia," akasema, akatafuna.
"Ule mwingine nilifundishwa. Bibi alikuwa akinifunga leso vidoleni.
Miaka arobaini na tatu, na bado nikishika fude
naomba ruhusa kwanza."
Kisha akamwambia Shuhei amalize karoti zake.

Hakusema niandike kwa shoto. Mchana nilitazamia aseme.

Nikaandika ya ishirini na moja, kwa mkono wa kuazima,
nikiuomba ruhusa kimoyomoyo.
Mfagio ulikwama, lakini ulifika.
Lilibaki jina.
Jina huandikwa kwa brashi ndogo,
pembezoni, upande wa kushoto wa karatasi.
Nikahamisha brashi.
Nyayo zikasimama nyuma yangu.
Zikakaa hapo kitambo, kisha sauti ikasema,
si kwangu, kwa dirisha,
kwamba theluji leo haina nia ya kuacha.

Alhamisi karatasi ilirudi imejaa wino mwekundu:
hapa simama, hapa umesita, fagia tena, fagia tena.
Jina halikuguswa.